Mbegu Moja kwa Kila Mbuzi

Ukishuka barabara ya kutoka Mukuyuni kwenda Makueni, ukaona jengo la matofali lililosimama wima baada ya mvua zote hizi, uliza nani alilijenga. Utaambiwa ni mimi. Yale yaliyopasuka ni ya wengine. Najisifu kwa sababu kazi ipo pale nje, kila mtu aende akaigonge na nyundo. Shuleni nilifika darasa la pili, tena lenyewe sikulimaliza, maana mwalimu alitaka tuimbe namba kila asubuhi na mimi nilikuwa na ng'ombe wa baba wa kunywesha. Lakini leo watu waliosoma mpaka wakavaa tai ndio wanaokuja kuniuliza darasa liwekwe madirisha upande gani.

Nilizaliwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata Kitui mjini, katika nyumba ya Waislamu ambao wazee wao walitoka pwani wakafungua duka. Nilikuwa nawachotea maji na kuwapasulia kuni. Mama wa nyumba ile hakukupa chai mpaka uiombe kwa Kiswahili kilichonyooka, nami nilikuwa na njaa, basi nikajifunza upesi. Baadaye nikamfuata fundi mmoja Mhindi. Nilimkorogea udongo, nikambebea matofali, nikamtazama mikono. Kunifundisha hakunifundisha, alinitukana tu. Siku alipougua niliendelea na ukuta wake peke yangu. Alipopona akaja akautazama, akazunguka nyuma akautazama tena, akaniambia ninawe mikono nikale wali nyumbani kwake. Hicho ndicho chuo changu, na cheti changu ni ule wali.

Serikali ilipofungua nchi ya Makueni, ikakata vichaka vya mbung'o ili watu wagawiwe mashamba, nilivuka mto na mke niliyekuwa nimemwoa karibuni. Wengi waliogopa. Walisema huko ni kwa faru. Mimi nikajiambia, watu wanaohamia mahali papya watataka kuta. Nikachimba udongo, nikachoma matofali yangu, na miaka ya hamsini ilipoanza hakuna aliyenitaja tena kwa jina la baba yangu. Niliitwa Kontrakta, hata kanisani.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana. Kabla hajajua kusema vizuri alishikwa na homa iliyompindua macho. Tulimbeba mpaka zahanati, akapona, watu wakashukuru kanisani kwa nyimbo. Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule tuliyempeleka. Alitembea, alikula, wakati mwingine alicheka mahali ambapo hapakuwa na la kuchekesha. Maneno yake yalikuwa machache sana. Ukimtuma kikombe alileta sufuria, au alisimama tu njiani akisahau kwamba ametumwa. Majirani walisema kichwa kiliiva na homa. Walisema kwa upole, wakituletea kunde, na upole ule ndio ulionikera zaidi. Mimi niliyekuwa nanyoosha kuta kwa jicho bila timazi, nilikuwa na mtoto ambaye sikujua nianzie kona gani.

Mwalimu wa watoto wadogo alikuja kwetu mwaka mmoja wa ukame. Alikuwa msichana wa Kalamba, mtoto wa wakulima wa kanisa, aliyetoka kufunzwa ualimu katika chuo cha wasichana cha misheni. Wakati ule mtoto ambaye hajang'oka meno ya utoto hakuwa na shule. Alichunga vitoto vya mbuzi, au alibeba mdogo wake mgongoni. Wazee wa kanisa walitaka tujaribu darasa la wadogo kama hao, lakini hapakuwa na chumba, na mimi nikatoa banda langu la kukaushia matofali. Sikutoa kwa wema tu. Nilitaka isemwe kwamba darasa la kwanza la watoto wadogo katika nchi ile lilianza chini ya bati langu.

Wiki ya kwanza nikaenda kuangalia. Nilitegemea kukuta watoto wamekaa mistari, mikono imefungwa, wakiimba moja, mbili, tatu. Nikawakuta wametapakaa chini. Huyu anajaza mchanga katika kibuyu, yule anafinyanga udongo, wengine wamezunguka karai wanamimina maji kutoka kopo hadi kopo.

"Mwalimu," nikamwambia, "masomo yanaanza saa ngapi?"

"Yameanza tangu asubuhi, Kontrakta."

"Mimi naona wanamwaga maji. Na mwaka wenyewe ndio huu, na punda anayeyatoa mtoni ni wangu."

"Hawamwagi, wanahamisha. Kaa hapo kwenye tofali, nikuonyeshe."

Alitwaa vikombe viwili vya bati vilivyofanana, akatia maji sawasawa, akamwita mtoto wa mwenye duka, kijana mnene aliyevaa viatu. Akamuuliza kama maji ni sawa. Mtoto akainama, akafunga jicho moja, akasema ni sawa. Mwalimu akamimina kikombe kimoja ndani ya chupa nyembamba, mbele ya macho yake. "Sasa wapi kuna mengi?" Mtoto akaonyesha chupa bila kusita, kwa kuwa maji yalikuwa yamepanda juu.

Nikainuka kumpa kofi la kumwamsha. Mwalimu akanyoosha mkono kati yetu, akamwita mtoto mwingine, msichana mdogo aliyekuwa anakwenda na nyanya yake kila siku kuchota maji kwenye visima vinavyofukuliwa katika mchanga wa mto. Akamuuliza yale yale. Mtoto akamtazama mwalimu, akanitazama mimi, kama mtu anayetafuta mtego uko wapi.

"Si ni yale yale? Si umeyamimina sasa hivi?"

"Umeona?" mwalimu akaniambia. "Huyu anamimina maji tangu alipoanza kutembea. Kibuyu, debe, kata, mtungi, mkono wake unayajua. Yule wa duka hajayashika. Hakuna mjinga hapa. Mmoja amefika, na mmoja bado hajafika."

Akanieleza kwamba chuoni kulikuwa na mama wa Kizungu aliyewasomea maandishi ya msomi mmoja wa Ulaya. Msomi huyo alikaa chini sakafuni na watoto wake mwenyewe, akawatazama wakicheza, akawauliza maswali, akaandika hata majibu ya makosa. Akaona kwamba mtoto si mtu mzima mdogo mwenye kichwa nusu kitupu cha kujazwa. Anafikiri kwa namna yake, na namna hiyo hubadilika ngazi kwa ngazi, kupitia vitu anavyovishika. Huwezi kumrusha ngazi kwa kumpigia kelele. Ukimlazimisha ataimba namba kama kasuku, na siku utakapomtawanyia maharagwe yale yale atakuambia yameongezeka.

"Huyo bwana hakuwa na kazi nyingine?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, Kontrakta."

"Ulaya ni kuzuri."

Alicheka, nami nikacheka, lakini niliporudi nyumbani nilikuwa nimebeba maneno yake mawili, bado hajafika. Kuhusu binti yangu nilikuwa nimeambiwa hawezi. Nilikuwa nimeambiwa aombewe, na kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yuko njiani.

Kesho yake nikamshika mkono nikampeleka bandani. Mke wangu alisimama mlangoni akitutazama tukienda.

"Unampeleka akachezee mchanga? Hata hapa nyumbani mchanga upo."

"Wa huko una mwalimu."

"Haya. Umlete jioni akiwa daktari."

Kwa muda mrefu ilikuwa kama alivyosema mke wangu. Mtoto alijaza kibuyu mchanga, akakimwaga, akakijaza. Mwalimu hakumsukuma. Kisha akampa kazi moja tu, kwamba uji ukiiva aweke kikombe kimoja mbele ya kila mtoto. Mwanzoni alivirundika vyote mbele ya yule kijana wa duka, labda kwa sababu ya viatu vyake. Watoto wakacheka, mwalimu akavikusanya, akamrudishia. Siku nyingine aliruka watoto, siku nyingine alimpa mtu viwili. Nilipita pale nikitoka tanurini, nikachungulia, nikaondoka na hasira. Kwangu kibarua asiyejua kupanga tofali juu ya tofali harudi kesho. Lakini siku moja nilichungulia nikaona kila mtoto ana kikombe chake, na binti yangu amesimama katikati mikono mitupu, akiwatazama mmoja mmoja.

Nyumbani akaanza kupanga sahani. Hakuna aliyemtuma. Aliweka yangu, ya mama yake, ya mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya, hata ya nyanya yake ambaye alikuwa Kitui na alikuja kwetu mara chache. Yake hakuiweka. Nilipomwambia mwalimu, hakushtuka. Alisema watoto wengi wanahesabu watu wote wakajisahau, kwa kuwa bado hawajijui kama mmoja kati ya wengine. Alisema nisimwonyeshe, ningoje.

Nikangoja. Mimi, ambaye sijawahi kungoja hata saruji ikauke vizuri. Na jioni moja tukiwa tumekaa kula, mtoto akapanga sahani zote, akasimama, akaenda kwenye rafu akaleta moja zaidi, akaiweka chini, akakaa nyuma yake. Mke wangu aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba muda mrefu, na mimi ndiye niliyegawa chakula siku ile.

Tangu hapo mke wangu hakutania tena. Alimvalisha mtoto mwenyewe kila asubuhi. Tulianza kusema mambo ya mbele, kwamba pengine mwaka ujao au ule mwingine angeweza kuingia darasa la kwanza na wenzake. Hayo ndiyo niliyoyataka duniani wakati ule, kuliko jengo lolote. Na njia yake ilikuwa moja tu, lile banda na yule mwalimu.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, kwa msomaji asiye Mkamba. Sisi hatuhesabu mifugo wala watoto. Mchungaji anajua mbuzi zake kwa sura na tabia; jioni akisimama mlangoni mwa boma anaona pengo bila kutaja namba. Kuwanyooshea kidole na kuwataja moja, mbili, tatu ni kuita hasara. Tena kulikuwa na serikali. Wenye umri wangu tunakumbuka ng'ombe za Ukambani zilipohesabiwa, ikasemwa zimezidi, zikachukuliwa. Na katika mashamba mapya ya Makueni kila mtu aliyepewa shamba aliwekewa kiwango cha mifugo, asizidishe. Lakini Mkamba mwenye mali hukaa na mbuzi zake, na za shemeji, na za rafiki aliyeziweka kwake ili ukame usizimalize zote mahali pamoja. Kwa hiyo kila boma lilikuwa na mifugo ya kuonwa na mifugo ya kutoonwa. Mimi pia nilikuwa na zangu kwa watu. Sitaji ni kwa nani.

Mwalimu alijua haya yote. Alizaliwa ndani yake. Ndiyo maana alipotaka kuwaanzishia watoto hesabu alikuwa mwangalifu sana. Aliwaambia kila mmoja ajenge mji wa kwao chini sakafuni, vijiti viwe boma, donge la udongo liwe nyumba, harage liwe ng'ombe, na mbaazi iwe mbuzi. Mbegu moja kwa kila mbuzi, basi. Namba isitajwe. Namba zingekuja mbeleni, kwa vitu visivyo na uhai. Alinieleza mwenyewe, akifurahi, kwamba kwa njia hiyo mtoto anaanza na kile anachokijua kuliko vyote, na mwiko wa wazee hauguswi.

Siku ya mambo yale nilikuwa pale bandani nikitengeneza bawaba ya mlango. Mzee mmoja wa juu mlimani alikuja kumchukua mwanawe kwa kuwa mama yake alikuwa na uchungu wa kuzaa. Alikuwa mtu mtulivu, mzee wa kanisa, mwenye sauti ndogo. Mtoto alipomwona aliruka.

"Nau, baba, njoo uone! Hapa ni kwa mama. Hapa ni kwa nyanya. Huyu ni ng'ombe mweusi. Hawa ni mbuzi zetu, na hawa ni za mjomba."

Mzee akachuchumaa, akitabasamu. "Na wale kule pembeni?"

"Wale ndio tunaficha korongoni bwana mifugo akija."

Watoto wengine hawakuona ajabu. Wao pia walikuwa na makorongo yao pale sakafuni. Mzee aliinuka polepole. Akazungusha macho banda zima, na nina hakika aliona kile nilichokiona na mimi wakati ule ule, kwamba tarafa nzima ilikuwa imelala chini pale, boma kwa boma, mbuzi kwa mbuzi, kwa ukweli ambao hakuna ofisa aliyewahi kuupata. Akapitisha mguu wake wenye kiatu cha mpira wa gari, mbaazi zikaruka mpaka ukutani.

"Mwalimu, nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mzee."

"Nani amekutuma kuhesabu mji wangu?"

"Sijahesabu, mzee. Nakuapia, hata namba moja haijatajwa humu ndani. Waulize."

"Umezilaza chini moja moja, kila mbuzi na mbegu yake. Kuhesabu ni kitu gani kingine?"

Mwalimu akazitazama mbaazi zilizoruka ukutani. Mwenyewe ndiye aliyekuwa amenifundisha hivyo: mtoto akiweza kulinganisha kimoja kwa kimoja, hesabu ameshaipata, bado majina tu.

Binti yangu alidhani ni mchezo. Alikuwa ametambaa akiokota mbaazi zilizotawanyika, anazirudisha mahali pake, za boma ndani ya boma, za korongoni korongoni. Mzee akamtazama.

"Hata huyu wa Kontrakta analijua boma langu?"

Akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Mtoto alikuwa analia, akiuliza amekosa nini.

Jumapili baada ya ibada wazazi wakaja bandani, wanaume wamekaa juu ya matofali yangu, wanawake wamesimama. Nilizungumza kwanza kwa kuwa banda ni langu. Niliwaambia mwalimu ni mtoto wetu, mbegu zimeondolewa, na watoto wao wanajifunza mambo ambayo mimi sikuyapata kwa fimbo.

"Kontrakta," mmoja akasema, "umesema vizuri. Na mbuzi zako wewe ziliwekewa mbegu, au wewe unajua pa kufuga?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba mbuzi zangu ziko kwa watu wenye midomo mizito kuliko wake, wakacheka tena, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimeshinda. Kisha mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Wangu siku hizi ananiuliza kwa nini kila kitu. Kwa nini maji, kwa nini moshi. Zamani alikuwa ananyamaza vizuri." Hakuna aliyecheka. Mwalimu akasimama, akaomba radhi, akasema atatumia vifuniko vya soda na vijiti tu, na hatauliza tena habari za nyumbani kwa mtu. Aliongea akitazama mikono yake. Mzee wa mlimani alisema amesikia, na kwamba Mungu husamehe. Yeye hakusema kama amesamehe.

Watoto wachache walirudi. Ingewezekana kupona hapo, mimi naamini. Lakini msimu ule ule watu wa mifugo wakaja. Nilijua watakuja, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyepewa kazi ya kujenga ukuta wa kupitishia ng'ombe siku ya ukaguzi, na kazi hiyo nilipewa kabla ya mbaazi hata moja kuwekwa chini. Walizunguka mashambani, wakashuka makorongoni. Wangeshuka wapi pengine? Ndiko kulikokuwa na kivuli, na samadi mbichi imetapakaa njiani, hata kipofu angeifuata. Mifugo iliyozidi ikaswagwa kwenda mnadani, na ya mzee wa mlimani ilikuwa ndani yake, pamoja na mbuzi za shemeji yake ambazo ilibidi akamweleze mwenyewe zilikokwenda.

Watu wakasema ni mbegu za mwalimu zilizowaonyesha njia, nami nikazunguka nyumba kwa nyumba. Niliwaambia juu ya ule ukuta, kwamba ukaguzi ulipangwa kabla ya mbegu, nikawaonyesha na mahali nilipochimba msingi. Mtu mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kontrakta, wewe unajua kujenga. Hili usijenge." Nimewahi kusimamisha kuta mahali ambapo Wazungu walisema udongo hauwezi, na watu wale wale walinisifu. Siku hizo hakuna hata mmoja niliyeweza kumsogeza kutoka alipokuwa amekaa.

Jumatatu iliyofuata mtoto alikuwa mmoja tu bandani, wangu. Aliweka vikombe vya uji chini kwenye nafasi za wenzake, akakaa kuwangojea. Ikawa hivyo siku kadhaa. Kisha wazee wa kanisa wakamwambia mwalimu kwamba kuna shule upande wa Kibwezi inayomhitaji.

Nilimkuta akifunga vitu vyake katika sanduku la mbao.

"Mwalimu, nitakujengea darasa la mawe. Madirisha ya vioo. Hakuna shule Ukambani yenye vioo kama vile."

"Ukuta haukuwa shida, Kontrakta."

"Basi baki umfundishe huyu mmoja. Utakaa kwangu, mke wangu amekubali."

"Peke yake hatajifunza. Anawatazama wenzake, ndiyo njia yake. Na baba yangu ameshatuma mtu kunichukua." Akakunja kitambaa chake. "Mfundisheni nyumbani. Mpe vitu ashike. Usimpe jibu. Akikosea usimpigie kelele, ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

Mwalimu alimwinamia mtoto akamtengenezea kola ya gauni, akatoka.

Tulijaribu. Mke wangu kwa uji na mimi kwa vipande vya matofali nilivyovisugua vizuri kwa jiwe, vingine vyekundu vingine vyeupe kwa chokaa. Mtu asiseme sikujaribu. Niliacha kazi za watu nikakaa chini sakafuni kama yule msomi wa Ulaya. Lakini sisi hatukujua tunatazama nini. Mwalimu alipomwona mtoto akikosea alijua kosa lile liko ngazi gani. Mimi niliona kosa tu. Na wenzake wa kuwatazama hawakuwapo. Mama zao waliwaita ndani walipomwona anakuja, kwa kuwa mtoto wa Kontrakta alikuwa anajua maboma ya watu.

Mwaka uliofuata wakaleta mwalimu mwingine, mwanamume, katika chumba cha kanisa. Alikuwa na fimbo, na watoto waliimba namba mpaka mia wakisikika barabarani, na wazazi walifurahi kwa sababu namba zile hazikuwa za kitu chochote. Nilimpeleka binti yangu. Kelele zile zilimfanya azibe masikio na kukaa chini ya benchi. Mwalimu yule alimleta nyumbani mwenyewe, kwa heshima, akasema, "Kontrakta, huyu hafundishiki. Usimtese."

Akaanza kurudi nyuma. Alivyokuwa amepanda kidogo kidogo ndivyo alivyoshuka, ila kushuka kulikuwa kwa haraka zaidi. Kwanza akasahau sahani ya nyanya yake. Kisha akawa anaziweka zote pamoja, moja juu ya nyingine. Mwishowe alikuwa anazitazama tu kwenye rafu, na mke wangu akawa anazipanga mwenyewe akimpa mgongo ili asimwone. Maneno aliyokuwa ameongeza bandani yaliondoka moja baada ya jingine. Sasa ni mwanamke mzima. Yapo maneno mawili au matatu anayotumia, na moja ni la kukataa.

Mdogo wake wa kiume amesoma vizuri, yuko Nairobi. Wadogo zake wengine pia. Yule kijana wa viatu ni karani. Shule zimejaa kila mahali na nyingi ni mkono wangu, nikipita nje nasikia watoto wakiimba zile namba, na hakuna mtu anayeona kwamba kuna kitu kilichokosekana. Mwalimu nilisikia aliolewa akaacha kazi. Watu wale hawakuwa wabaya. Mzee wa mlimani alinisaidia kumzika mama yangu, na hatujawahi kulitaja lile jambo.

Nyuma ya nyumba yetu nimemjengea binti yangu nyumba yake ya chumba kimoja, matofali yaliyoiva vizuri, sakafu ya saruji, bati lisilovuja. Ukiniuliza ipi ni bora katika zote nilizojenga, nitakuonyesha hiyo. Komeo la mlango liko nje, kwa kuwa amewahi kutoka akatembea peke yake mpaka mtoni, akapatikana amekaa mchangani. Asubuhi mke wangu anafungua, anamwosha, anamkalisha juani. Mimi namsalimu ninapotoka kwenda kazini. Siku nyingine anageuza kichwa akanitazama.